Shamba la Nsimire na Kurasa Zisizokatwa

Kadutu, Bukavu
Jumapili jioni

Mwanangu Murhula,

Mama yako amekwisha kukueleza habari ya soksi, kwinini na sabuni, tena amekueleza mara nyingi hata ukaanza kummalizia maneno. Mimi hayo siyarudii. Lori la Uvira linaondoka kesho asubuhi. Uvira utapanda meli mpaka Albertville, na kutoka hapo gari-moshi mpaka Élisabethville. Njiani utakuwa na muda mwingi wa kusoma, lakini barua hii nataka uisome kabla hujatoka nyumbani. Nitaiweka juu ya viatu vyako vipya, maana najua hata nyumba ikiungua hutatoka bila hivyo.

Nataka kukuandikia juu ya majarida ya sheria. Usicheke. Najua umekua ukinisikia nikiyazungumzia mezani mpaka mama yako ananiomba nile kwanza. Safari hii sizungumzii vumbi wala gundi. Nazungumzia shamba la shangazi yako Nsimire kule Mumosho, ambalo lilimtoka mkononi kwa sababu ya ukurasa mmoja wa jarida, na najizungumzia mimi mwenyewe, kwa sababu maneno yaliyo kwenye ukurasa ule ni yangu. Wewe hukujua. Shangazi yako, ambaye sasa yuko jikoni anaosha vyungu vya karamu yako, naye hajui mpaka ninapoandika mstari huu.

Kazi yangu unaijua kwa nje. Miaka yote unaniona nikishuka asubuhi na koti langu kwenda mahakamani, upande wa Nyalukemba, na kurudi jioni nikinuka karatasi. Mimi ni karani wa maktaba ya mahakimu. Vitabu vikubwa vya sheria vinakaa mahali pake na havinisumbui. Yanayosumbua ni majarida, kwa sababu hayaachi kuja. Kila posta inaleta toleo jembamba, na ndani yake mna hukumu mpya zilizotolewa huku na huku katika Kongo, pamoja na makala za watu wanaoeleza sheria au mila. Matoleo ya mwaka yanakaa katika sanduku la karatasi ngumu mpaka mwaka uishe. Kisha inakuja faharasa, nayapeleka yote kwa mafundi wa kujalidi, yanarudi yakiwa kitabu kimoja kizito chenye mgongo wa ngozi. Hapo ndipo mahakimu wanapoanza kuyaheshimu. Yale ambayo bado yako sandukuni hayana faharasa, na mengi yanafika kurasa zake zikiwa zimeshikana pembeni, mpaka mtu azikate kwa kisu cha karatasi. Kuzikata ni kazi yangu.

Kabla ya kupewa maktaba nilikuwa mkalimani. Hakimu mmoja, kijana wakati ule, alipenda kukusanya mila za Bashi, watu wetu wa Bushi. Baadaye alihamishwa, akarudi akiwa mkubwa wetu, na ndiye huyu aliyeandika barua ya kukusifu ili upokelewe shule ya sheria Élisabethville. Siku zile tulikuwa tunazunguka naye vilimani kwa motokari. Yeye anauliza wazee, mimi nageuza maneno yao ya Mashi kuwa Kifaransa. Siku moja mvua ilitukamata, tukajibanza barazani kwa chifu mmoja ambaye hakuwapo. Hakimu akachoka kungoja, akaniuliza mimi.

"Mwanamuke akifiwa na bwana, na alizala mabinti tu, shamba inaenda kwa nani?"

"Inarudia kwa bandugu ya marehemu, Bwana."

Akaandika. Mvua ikakatika, tukaondoka.

Hayo ndiyo yote. Wewe ni mtoto wa Bushi hata kama umekulia mjini, na najua umekwisha kuona nilichokosa. Sikumuuliza shamba gani. Kwetu kuna shamba la kalinzi, ambalo mtu amemtolea mwami, mfalme wetu, ng'ombe, likawa lake na la nyumba yake. Na kuna bwasa, kipande cha kuazima kwa msimu kwa kibuyu cha pombe ya ndizi, na aliyeazima akifa kinarudi kwa mwenyewe bila maneno. Siku ile kichwani mwangu alikuwamo jirani yetu aliyekufa akiwa na bwasa, nami nikajibu kwa ajili yake. Kwenye kalinzi mambo ni mengine. Mjane ambaye hakuondoka, na anayeendelea kumpelekea mwami haki yake, hukaa pale na watoto wake hata wakiwa mabinti, na ndugu za mume wana kazi ya kumlinda, hawana ruhusa ya kumtoa. Hilo nililijua tangu nikichunga mbuzi. Lakini sisi tumelelewa kwamba mkubwa akiuliza unajibu, humrudishii swali. Tena aliniuliza mimi, kijana mwenye kaptula, wala hakungoja wazee, na jambo hilo lilinipendeza kuliko nilivyotaka kukubali.

Baada ya muda maneno yale yalitoka kwenye jarida, katika maelezo ya yule hakimu chini ya hukumu moja ya urithi: kwamba kwa Bashi mjane mwenye mabinti tu hana haki juu ya shamba, linarudi kwa ndugu za mume, kwa ushuhuda wa mwenyeji anayeaminika. Mwenyeji anayeaminika ni mimi. Sitakudanganya, nilifurahi sana. Niliomba ruhusa nikaleta toleo lile nyumbani, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako, nikawa nawasomea wageni. Mama yako aliuliza, "Na jina yako iko wapi?" Nikamwambia jina si kitu, watu wa kazi wanajua. Wageni walitikisa kichwa kwa heshima. Hakuna aliyeuliza shamba gani, na mimi mwenyewe nilikuwa nausoma ukurasa ule kwa namna mtu anavyojitazama kwenye kioo.

Shangazi yako alipofiwa ulikuwa mkubwa. Wewe ndiwe uliyebeba msalaba siku ya mazishi. Mumewe alikuwa na kalinzi nzuri, inayoshuka upande wa mto Ruzizi, na shangazi yako alikuwa ameipanda migomba na maharagwe kwa mikono yake tangu alipoolewa. Shemeji yake mkubwa alingoja matanga yaishe, akadai shamba. Mashauri yakapanda mpaka baraza la teritwari, yaani la wilaya, mbele ya mtawala mzungu. Huyo alikuwa mgeni katika nchi, na mgeni mwenye adabu akikosa kujua anaomba kitabu. Akatuma kijikaratasi kwenye maktaba yetu: aletewe jarida la mwaka fulani, ukurasa fulani. Mkubwa wetu hakuwapo mjini juma lile. Nilikishika kile kijikaratasi, nikatambua mwaka na ukurasa kabla sijafika kabatini.

Nilikibeba kitabu mimi mwenyewe. Shangazi yako aliponiona nikiingia nacho kifuani, alitabasamu. Nilimsikia akimwambia binti yake mkubwa, "Ona, ndugu yangu analeta kitabu." Alidhani namletea msaada.

Mtawala akasoma, mkalimani akageuza. Nsimire hakulia wala hakubisha. Alinitazama mimi niliyesimama karibu na mlango na kofia mkononi, akingoja niseme kitu, kwa kuwa mimi ndimi mwenye vitabu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ningeweza kusema: Bwana, mtu aliyeulizwa alikuwa anafikiri bwasa. Lakini wangeuliza ninajuaje. Nikakaa kimya, wakaandika hukumu. Nje, shemeji yake alinishika mkono kwa furaha: "Aksanti, Papa Murhula. Kitabu yako imetusaidia." Tangu siku ile sijaupitisha mwezi bila kusikia sauti yake ikiniambia hivyo.

Walihamia kwetu, yeye na mabinti, na vyungu vyao na jembe moja. Ulihama kitanda chako ukalala sebuleni bila kunung'unika, na sikuwahi kukushukuru. Shangazi yako akaanza kulima ule ukanda mwembamba nyuma ya nyumba, karibu na mfereji. Mtu aliyezoea kilima kizima alikuwa anapalilia mboga kwenye nafasi ya mkeka.

Ndipo nikaanza kutafuta. Saa za mchana, mahakimu wakienda kula na kupumzika, mimi nilibaki na makabati. Na hapa, Murhula, nataka nikuambie mambo ya kazi, kwa sababu hata walimu wako wakikueleza, sidhani kama watakueleza kwa uchungu nilionao mimi.

Nilifungua faharasa za miaka yote chini ya neno "mjane". Nilikuta hukumu moja tu, ile yenye maneno yangu chini yake. Nikatafuta "mwanamke", "urithi", "ardhi", "ndoa", kila mahali nikirudishwa pale pale au kwenye mambo yasiyohusu. Nilikaribia kuacha. Kisha nikajiuliza: aliyeitunga faharasa hii ni mtu aliyekaa mezani, hajafika Bushi, anasoma ugomvi wa watu wawili na anatafuta neno moja la kuuweka chini yake. Yeye angeona nini kwanza? Angeona ng'ombe. Kwake kalinzi ni habari ya ng'ombe aliyetolewa. Nikafungua chini ya "ng'ombe", na nikaikuta kesi. Kwa hiyo usiseme kitu hakipo mpaka umekitafuta kwa maneno ya mtu ambaye hafikiri kama wewe.

Muhtasari uliokuwa juu ya hukumu ile ulisema tu kwamba ng'ombe hatarudishwa. Ningeishia hapo ningefunga kitabu. Muhtasari hauandikwi na hakimu aliyekata shauri; unaandikwa na mtu wa jarida ili kumpunguzia msomaji kazi, na siku nyingine anampunguzia na kilichokuwa cha maana. Niliisoma hukumu yenyewe mpaka mwisho, na katikati yake nikakuta baraza likisema kwamba kalinzi inabaki na nyumba ya marehemu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na tanbihi: shauri hili limepelekwa mbele kwa rufaa, hukumu ya juu itachapwa baadaye.

Baadaye lini? Hakuna faharasa inayokuambia mambo ambayo hayajatokea bado. Ilinibidi niende mbele mwaka hadi mwaka. Kitabu kimoja hakikuwa kabatini. Nilikifuata kwa hakimu mmoja aliyekuwa amekipeleka nyumbani kwake, nikakikuta kikiinua mguu wa meza. Hakikuwa na kitu, lakini nilikuwa siwezi kulala bila kukipitia. Vitabu vilivyojalidiwa vikaisha. Nikafika kwenye sanduku la matoleo yaliyo wazi, yale yasiyoheshimiwa.

Mwanangu, toleo lile lilikuwa pale. Kurasa zake zilikuwa zimeshikana. Nilichukua kisu changu nikazikata, na ndani yake nikaikuta hukumu ya juu, imeandikwa wazi kuliko nilivyoweza kuomba: mjane aliyebaki kwenye kalinzi ya mumewe na kutimiza haki ya mwami hatolewi, awe na watoto wa kiume au wa kike. Nikaligeuza toleo nitazame muhuri wa kupokelewa, ambao naupiga mimi mwenyewe siku posta inapofika. Lilikuwa limeingia kwenye sanduku langu kabla ya kesi ya Nsimire.

Nilikuwa nimejizoeza kukata kurasa za yale tu ambayo hakimu ameyaomba. Hakuna aliyenilaumu kwa desturi hiyo, maana hakuna aliyeiona. Kama ningefanya kazi yangu, siku ile ningeingia barazani na vitu viwili mikononi, kile kitabu kizito na hili toleo jembamba, na mtawala angevisoma vyote. Tangu hapo nakata kila ukurasa siku ile ile toleo linapofika. Mahakimu wanasema nimekuwa hodari uzeeni.

Sasa nifike kwenye jambo linalokuhusu wewe. Ugunduzi huo sikuupata juzi. Niliupata kabla ya mvua za mwaka jana, wakati ule ule ulipokuwa unaandikiwa karatasi za kwenda shule. Barua yako ya kusifiwa ilikuwa mezani kwa mkubwa wetu, ikingoja saini. Na mtu aliyeandika maneno yangu kwenye jarida alikuwa yeye. Niliwaza: nikienda kumwambia kwamba maelezo yake yana kosa, na kosa limemnyang'anya mjane shamba, atamtazamaje mtoto wangu? Nikalificha toleo lile chini ya mengine, nikajiambia tungoje kidogo. Msimu ukapita, na mwingine. Shemeji yake Nsimire aling'oa migomba akapanda kahawa. Shangazi yako alikuja kupata habari hiyo kutoka kwa mtu wa sokoni, akaacha kula jioni ile, nami nilikuwa nimekaa mbele yake nikijua kilicho sandukuni.

Sikuandikii haya ili uubebe mzigo wangu kwenye meli. Hukuniomba ninyamaze, na ungejua ungenizuia, nakujua. Nakuandikia kwa sababu utakuwa mtu wa sheria, na siku moja utakuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Itakuwa nzuri kweli, itakuwa na sura ya mtoto wako. Nataka uitambue ikija, maana mimi niliiita upendo, na ilikuwa upendo kweli, na huku Nsimire alikuwa anapalilia kando ya mfereji.

Alhamisi iliyopita, saini ya barua yako ikiwa imekauka na nauli yako imekwisha kulipwa, niligonga mlango wa mkubwa wetu. Niliweka mezani kitabu kizito na toleo jembamba.

"Bwana, hii neno ni yangu, na iko mubaya," nikamwambia.

Aliusoma ukurasa. Alikumbuka. "Ile siku ya mvua," akasema. Kisha, "Juu ya nini haukuniuliza shamba gani?"

"Niliogopa kukurudishia swali, Bwana."

Akalisoma toleo jembamba lote akiwa amesimama. Alipomaliza aliniuliza nililisoma lini, nikamwambia ukweli. Alilifunga toleo, akaliweka juu ya kitabu kizito.

"Ulingojea nitie saini karatasi ya mutoto."

"Ndiyo, Bwana."

Nilitegemea hasira, na ingenisaidia. Hakukasirika. Aliketi akasema, "Andika yote. Utaisema mbele ya baraza, na jina yako. Mi nitaandikia jarida. Mi pia sikuuliza shamba gani." Baadaye akaniambia nitoke, na tangu siku ile hajanisalimu. Huenda nikaipoteza maktaba. Mama yako anajua, amesema tutaishi.

Ombi nililoliandika kwa amri yake, la kuisikiliza kesi upya, limepokelewa. Je, shangazi yako atalipata shamba lake? Sijui. Kahawa ya shemeji imeota, na shemeji ana watu wake. Tuna hukumu ya juu, tuna maneno yangu ya kukana maneno yangu, na hatuna kingine. Nitasimama pale na kusema.

Na wewe, ukifika kule, utakuta maktaba kubwa kuliko yetu. Ndani yake patakuwa na jarida lile lile, mwaka ule ule, ukurasa ule ule. Hilo ndilo linalonitisha katika karatasi iliyochapwa. Neno nililolisema barazani kwa chifu mara moja, mvua ikinyesha, limesimama sasa katika kila kabati la Kongo na ng'ambo pia, na siwezi kwenda kulitoa hata katika moja. Masahihisho yatachapwa, mistari michache, mahali pengine, mwaka mwingine. Atakayefungua kitabu cha zamani hatayaona. Kwa hiyo nakuomba: usiishie kamwe kwenye ukurasa uliokupendeza. Ukipata hukumu inayokupa haki, ifuate mbele mpaka toleo lililofika jana, lile ambalo bado liko sandukuni, na kama halijakatwa, likate. Na ukikuta imeandikwa kwamba mwenyeji anayeaminika amesema hivi, jiulize ni nani huyo, aliulizwa nini, na kama alikuwa na nafasi ya kuuliza yeye pia.

Ninaiacha kalamu hapa kwa muda. Vyungu vimenyamaza jikoni, na nimekuwa nikiwaandikia na kuwaambia watu wote isipokuwa yule anayestahili kusikia kwanza. Nakwenda kumwambia.

Nimerudi. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakausha mikono. Nikamwambia, "Dada, mwenye alisema ile neno ya mu kitabu, ni mimi."

Hakuelewa, au alitaka kuwa na hakika. Akaniambia, "Sema mu Mashi."

Nikasema kwa Mashi. Kwa Mashi ni vigumu zaidi, Murhula. Nilisema yote, mvua, bwasa, jarida, sanduku, saini yako. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu: "Na siku ile ku baraza, mwenye ulileta kitabu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Alikunja pindo la kikwembe alichojifunga, akalikunjua, akalikunja tena. Binti yake mdogo alichungulia mlangoni, akamfukuza kwa mkono.

"Myaka mbili niko nakupikia, Papa Murhula," akasema.

Nilipiga magoti pale kwenye majivu nikamwomba anisamehe, na nililia, sioni haya kukuandikia. Hakuniinua. Alingoja nimalize kulia.

"Ile neno ulisemaka mbele ya muzungu, wakaitia mu kitabu, batu bote bakaisikia," akasema. "Leo unakuya kuniambia mu jikoni, sisi wawili. Hapana. Kesho batu ya Kadutu bote batakuya kuaga mutoto. Pale njo utasema."

Nikamwambia kesho ni siku yako. Nikamwomba tungoje siku ya baraza, au hata Jumapili ijayo, watu wakitoka misa, usiharibiwe safari.

"Anaenda kujifunza kuhukumu batu," akasema. "Aanze na weye."

Basi kesho, Murhula, mbele ya lori, watu wakiwa wamemaliza kukupa mikono na mama yako akiwa bado analia, nitavua kofia na nitasema kwa Mashi na kwa Kiswahili nililomfanyia dada yangu. Nitasema na sababu ya kunyamaza kwangu, na jina lako litakuwamo. Watu watakutazama. Unionee haya ukipenda, una haki. Lakini dereva akipiga honi, mwambie angoje. Usipande mpaka nimemaliza.

Papa yako